Daftari la Pita na daftari la Nyakeo

Pita Ramos ana miaka tisa. Anaishi na wazazi wake katika nyumba ya kitajiri jijini Mexico City, anapenda kuogelea, na ana daftari la kuandikia mambo ya siku. Gari linapoanza kumfuata yeye na mlinzi wake barabarani, namba ya gari hilo inaingia daftarini. Siku chache baadaye anatekwa nyara akitoka kwenye somo la piano. Mlinzi anapigwa risasi na kulazwa hospitalini. Anapoweza kusimama tena anaambiwa kwamba msichana ameuawa, na kilichobaki mikononi mwake ni daftari lile, na namba ile.

Hiyo ni filamu ya Man on Fire, iliyoongozwa na Tony Scott na kutolewa mwaka 2004. Denzel Washington ni John Creasy, askari wa zamani wa Marekani aliyezama katika pombe na aliyejaribu kujiua akashindwa. Dakota Fanning, wakati huo mtoto wa miaka tisa hivi, ndiye Pita. Katika saa nzima ya kwanza haiuawi hata nusu ya watu ambao mtazamaji amejiandaa kuwaona wakifa. Scott anatumia muda huo kuonyesha mzee mchungu akifundishwa upya kucheka na mtoto. Creasy anamzoeza Pita kuruka majini bila kuogopa mlio wa bunduki ya kuanzishia mashindano, naye Pita anampa dubu wake wa kuchezea jina la Creasy. Baada ya hapo filamu inageuka. Mlinzi anawatafuta mmoja baada ya mwingine wote waliohusika na utekaji ule, wakiwemo polisi, na hakuna anayemfikia akabaki salama.

Kwa wapenzi wa filamu za mapigano mjini Kisii, Keroka au Nyamira, jina la Denzel halihitaji kuelezwa. Filamu za namna hii zimeingia Gusii, eneo la miji hiyo, kwa njia nyingi: vibanda vya video vijijini, maduka ya kuuza muvi karibu na stendi za magari, skrini za matatu, flashi zinazopita mkono hadi mkono, na sasa simu. Wengi hawakuzitazama kwa Kiingereza. Walizitazama kupitia sauti ya DJ Afro, ambaye jina lake halisi ni James Muigai, Mkenya anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani huku picha zikiendelea. Tanzania walikuwa na Lufufu kabla yake, na Uganda wana VJ Jingo na VJ Emmie. Huyu wa mwisho ndiye aliyeisimulia Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyotengenezwa mtaani Wakaliga, Kampala, na kumpa mwongozaji wake, Nabwana I.G.G., jina duniani kote.

Msimulizi wa filamu hatafsiri maneno tu. Anamtambulisha acta, yaani shujaa wa filamu, anamtambulisha adui, na mara nyingi adui anatajwa kabla hajafanya lolote. Mtoto aliyeketi kwenye benchi la mbele hana sababu ya kujiuliza nani mwema na nani mbaya. Ameshaambiwa, na anachosubiri ni kipigo.

Nguvu ya filamu ya kisasi iko katika uhakika huo. Mtazamaji wa Man on Fire anayaona magari ya watekaji. Anawaona polisi wakishirikiana nao, na anamsikia kiongozi wao, anayejiita Sauti, akidai fedha kwa simu. Creasy anapomfunga mtu kwenye kiti na kumtesa ili aseme, ukumbini hakuna anayejiuliza kama yule pale kitini ndiye. Kamera ilikuwepo tangu mwanzo. Namba iliyomo daftarini ni ya kweli, na kila jina linalofuata linatokana na jina la kabla yake. Mwandishi wa filamu hiyo, Brian Helgeland, aliijenga hivyo kwa makusudi, na kama kazi ya sanaa imefaulu. Iliingiza takriban dola milioni 130 katika majumba ya sinema. Mwaka mmoja baadaye India ikatoa yake, Ek Ajnabee, ambamo Amitabh Bachchan ndiye mlinzi.

Chanzo chake ni riwaya iliyotoka mwaka 1980, ya A. J. Quinnell. Hilo ni jina la kalamu la Philip Nicholson, Mwingereza aliyeishi miaka mingi katika kisiwa cha Gozo, Malta. Riwaya yake imewekwa Italia, nchi ambayo katika miaka ya 1970 ilisifika vibaya kwa biashara ya kuteka watu. Mjukuu wa tajiri wa mafuta J. Paul Getty alitekwa Roma Julai 1973 akiwa na miaka 16. Alikatwa sikio ili babu yake alegee, akaachiliwa Desemba. Tukio hilo lilimchochea Quinnell, na pia habari za tajiri mmoja wa Singapore aliyekataa kulipa kikombozi cha mwanawe wa kwanza. Mwana aliuawa. Lakini watoto wengine wa nyumba ile hawakuguswa tena, kwa kuwa wahalifu walijua kwamba kwa mtu yule hakuna senti ya kupata.

Scott alipotaka kuitengeneza upya, baada ya filamu ya kwanza ya mwaka 1987 ambayo haikutia fora, Italia ilikuwa imebadilika. Mwaka 1991 serikali yake ilipitisha sheria ya kuzuia mali za familia ya aliyetekwa ili kikombozi kisilipwe, na biashara ile ikafifia. Hadithi ikabidi ihamie Mexico. Ni jambo la kutia moyo, ingawa filamu yenyewe haina nafasi ya kulisimulia: kilichowalinda watoto wa Italia kilikuwa kazi ya wabunge, mahakimu na wapelelezi, miaka kadhaa mfululizo, bila mtu mmoja wa kuimbiwa.

Gusii ina historia yake ya walinzi, na ni ndefu kuliko ya sinema. Kabla ya ukoloni vijana wa Abagusii waliishi katika ebisarate, kambi za kulinda ng'ombe dhidi ya wavamizi wa jirani. Waingereza walipofika walitwaa ng'ombe kwa maelfu. Januari 1908 kijana aliyeitwa Otenyo, akihimizwa na mwaguzi Moraa Ng'iti, alimchoma mkuki ofisa wa utawala Geoffry Northcote. Northcote alipona, na baada ya miaka mingi akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni watu ambao hawakuwa wameshika mkuki wowote. Kikosi cha kuadhibu kilichoma nyumba, kikaswaga mifugo na kuua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alilalamika kwa maandishi kwamba mauaji ya watu wasio na ulinzi yamepita kiasi. Miaka michache baadaye kambi za ebisarate zilivunjwa kwa amri ya serikali.

Walinzi wa kujitolea walirudi kwa sura nyingine. Chinkororo walijulikana kwa kuwakabili wezi wa mifugo mpakani na Wamaasai, na baadaye wanasiasa wakawatia mfukoni. Sungusungu, mtindo ulioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania mapema miaka ya 1980, ulipata mizizi Kisii na Nyamira katika miaka iliyofuata. Wakazi wengi waliukaribisha kwa moyo mkunjufu. Polisi walikuwa mbali, kesi zilichukua miaka, na mwizi aliyekamatwa Jumatatu alionekana sokoni Alhamisi. Sungusungu waliahidi usingizi. Kwa muda wizi ulipungua, na watu walilala.

Kisha wakaanza kuhukumu usiku. Mshukiwa hakupewa nafasi ya kujieleza, ugomvi wa shamba uligeuka kuwa shtaka la ujambazi, na mwenye hasira na jirani alijua pa kupeleka jina. Serikali iliwapiga marufuku Chinkororo na Sungusungu, pamoja na makundi mengine mengi, mwaka 2002 na tena mwaka 2010. Marufuku ya pili ilihitajika kwa sababu ya kwanza haikutosha, nayo haikutosha kwa sababu kiu ya ulinzi iliyowazaa walinzi hawa haikuwa imetulizwa. Mtu asiyelielewa hilo hataelewa kwa nini Creasy anashangiliwa. Mkazi ambaye ameripoti jambo kituoni mara tatu bila kusikilizwa humtazama Denzel akiingia kwenye klabu ya adui na bunduki, na anachokiona pale ni shauri lake likifanyiwa kazi hatimaye.

Lakini kuna daftari jingine.

Mei 2008, katika vijiji vya Gusii kikiwemo Nyakeo, wazee 11 walichomwa moto hadi kufa kwa madai kwamba ni wachawi. Wanane walikuwa wanawake na watatu wanaume. Kundi la vijana lilipita nyumba hadi nyumba, na makumi ya nyumba zikateketezwa. Waandishi wa habari walipofika, wakazi walieleza kwamba katika shule ya msingi ya karibu lilikuwa limepatikana daftari la mazoezi lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, likitaja ni nani atakayelogwa baadaye. Hayo ndiyo yaliyokuwa mashtaka, na ushahidi, na hukumu.

Mtu aliyekulia kwenye filamu anaweza kuiona hadithi hiyo yote ikijipanga machoni pake: watoto wako hatarini, siri imefichuka kwa maandishi, vijana wachache wenye ujasiri wanachukua hatua. Kasoro ni kwamba hakuna kamera iliyowahi kuwa pale. Hakuna aliyejua nani aliandika daftari lile wala kwa nini. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza mwenye mwandiko, wala wa kuwauliza wazee wenyewe. Waliouawa walikuwa na watoto na wajukuu ambao nao walihitaji mlinzi usiku ule, na vijana waliokuwa wakipita na viberiti walijiona wao ndio walinzi.

Yakatokea tena. Oktoba 2021, eneo la Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai yale yale. Miaka kumi na mitatu inamtosha mtoto wa darasa la kwanza kufika mwisho wa shule ya sekondari, na bado jambo la Nyakeo likajirudia Gusii hiyo hiyo.

Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya mauaji hayo, Marani hiyo hiyo ilirudi kwenye kurasa za kwanza za magazeti. Katikati ya Desemba 2022 mvulana wa miaka mitatu alipatikana akiwa amejeruhiwa macho yote mawili, asiweze kuona tena maishani. Kenya nzima ilishikwa na hasira. Katika vituo vya redio, kwenye simu, kwenye mimbari za kanisa, watu walitaka aliyefanya vile atafutwe na atendewe kama alivyotenda. Kama kulikuwa na wakati ambapo kijiji cha Gusii kingeweza kuwaka moto tena, ulikuwa huo, na katika eneo ambalo majivu ya 2021 hayakuwa yamepoa.

Safari hii wapelelezi walitangulia. Jamaa wa familia walikamatwa, kesi ikafunguliwa mjini Kisii, mashahidi wakasikilizwa na washtakiwa wakapata nafasi ya kujitetea. Julai 2023, miezi saba tu baada ya tukio, watu watatu walikutwa na hatia: binamu wa mtoto alifungwa miaka 40, shangazi yake miaka 10, na nyanya yake miaka 5. Kwa mahakama za Kenya, ambako kesi za watoto zimezoea kukokotwa hadi mtoto mwenyewe anasahau alichokiona, huo ni mwendo wa kasi sana. Vifungo vitatu tofauti vinaonyesha pia kazi iliyofanyika ya kupima nani alifanya nini. Umati haupimi hivyo. Wale wazee 11 wa 2008 walipewa adhabu moja.

Wengi walishtushwa zaidi na udugu wa waliohukumiwa. Ilitarajiwa kwamba adui angekuwa mgeni, mtu aliyepita njia. Hapo filamu ya Scott inastahili heshima ambayo wapenzi wa milipuko huipita haraka. Anapofuata majina hadi mwisho, Creasy anagundua kwamba baba wa Pita mwenyewe, Samuel Ramos, alikubali bintiye atekwe. Alikuwa na madeni, kulikuwa na bima ya utekaji, na wakili wake alimshawishi kwamba mtoto angerudi nyumbani salama na wao wangebaki na sehemu ya fedha. Mwanamume aliyemwajiri bodigadi kumlinda mwanawe ndiye aliyefungua mlango. Marc Anthony anaigiza aibu ya baba huyo kwa utulivu unaoumiza kuliko risasi zote za filamu.

Maafisa wa watoto, walimu na wahudumu wa afya wa kijiji wa kaunti za Kisii na Nyamira hukutana na ukweli huo kila mara: anayemuumiza mtoto mara nyingi ana ufunguo wa nyumba. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaagiza kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, lakini kabla kesi haijafika kortini wazee wa koo mbili huweza kuketi, wakahesabu ng'ombe au pesa, na kuyamaliza mambo nyumbani. Ukeketaji, uliokatazwa na sheria ya 2011, nao hupangwa na watu wanaompenda msichana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 wa Kisii walikuwa wamekeketwa, na Desemba, likizo ndefu ya shule, ndio msimu wake. Msichana wa miaka minane aliyesikia mipango jikoni hana Creasy wa kumsubiri nje ya geti. Ana mwalimu aliyefunga shule, jirani anayeogopa kuingilia ya watu, na chifu ambaye huenda ni mjomba.

Ana pia namba 116. Hiyo ni simu ya bure ya kusaidia watoto, inayopokelewa saa 24 chini ya shirika la Childline Kenya kwa ushirikiano na serikali, na anayepiga si lazima awe mtoto. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka wajibu wa kumlinda mtoto juu ya wazazi, kaunti na serikali kuu. Imeandikwa vizuri. Ila watekelezaji ni wachache, na afisa mmoja wa watoto asiye na gari la kuaminika anaweza kujikuta na kata nyingi za milima na barabara za matope. Kaunti zinazoweza kununua magari makubwa ya viongozi zinaweza kumnunulia afisa huyo pikipiki na mafuta, na wapiga kura wa Kisii na Nyamira wana haki ya kuliuliza hilo kwa sauti.

Kenya yenyewe imewahi kutengeneza filamu inayomtazama mtoto aliye hatarini kwa jicho tofauti. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilionyeshwa katika tamasha la Berlin Februari 2018, na mwaka huo huo ikachaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye tuzo za Oscar. Jo, msichana wa miaka tisa kama Pita, ana ugonjwa usiotibika na anapenda mno filamu za mapigano. Mama yake anataka kumfungia ndani ili asiumie. Dada yake anataka acheze. Mwishowe kijiji kizima, pamoja na msimulizi wa kibanda cha video, kinaungana kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye acta. Hakuna anayeuawa ili Jo apendwe. Watu wanaacha shughuli zao, wanabeba vifaa, wanajifunza kuigiza, kwa ajili ya mtoto asiye wa kwao kwa damu. Stycie Waweru, aliyeigiza Jo, anastahili kutazamwa na kila mtoto wa Gusii aliyewahi kumtazama Dakota Fanning.

Hadithi ya Marani bado haijapata filamu, na pengine si haki kuitengeneza wakati mvulana yule bado mdogo na hana sauti ya kukubali au kukataa. Hadithi ya Nyakeo inaweza kutengenezwa leo. Vijana wenye kamera wako Kisii, wanapiga picha za harusi, za matanga na za nyimbo za injili kwa Ekegusii, na wanajua kufanya kazi kwa fedha kidogo. Wangeweza kuanza na mwalimu anayeokota daftari uani mwa shule, akasoma majina yaliyomo na kulitambua moja kuwa ni la mama wa jirani yake. Ana usiku mmoja wa kuamua amwonyeshe nani. Nje, vijana wa kijiji, baadhi yao wanafunzi wake wa zamani, wameshasikia kwamba kuna daftari, nao wanataka kuliona.